Njia Niliyowapangia Mbwa

Zaina mwanangu,

Mbwa ananuka mdomo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililojifunza katika kazi ile, na hata leo, nikikaa peke yangu, harufu hiyo inanijia puani na nataka kutema mate.

Kesho unapanda ndege ya mizigo pamoja na Papa Kambale na mke wake, mkaanze maisha mapya Butembo. Mambo ya kufunga sanduku, ya sweta kwa ajili ya baridi ya kule, ya kuchemsha maji ya kunywa, shangazi yako ameshayasema yote na asubuhi atayarudia, maana akianza kusema hana breki. Mimi nina jambo moja tu. Umekwenda kumuaga yeye, nyumba imenyamaza, jua bado liko juu, sombe ya majani ya muhogo iko motoni. Nimesogeza randa pembeni, nimekaa kwenye benchi langu la kazi, naandika.

Umeona kwamba sikuiti tena kula kama zamani. Zamani nilikuwa nasimama mlangoni na kupaza sauti, "Zaina, yaka kula!" Sasa nasema, "Chakula iko tayari," kama mtumishi wa hoteli, halafu naondoka kabla hujanijibu. Nadhani umefikiri nimekuchoka. Au nimekasirika kwa kuwa unaondoka na watu wengine. Sivyo. Ni lile neno ndilo linanishinda kulitamka, na unajua nilikuita nalo wapi kwa mara ya mwisho. Tangu siku ile tunaongea mambo ya chumvi na ya mkaa, lakini mambo ya uwanja wa mbwa hatujayagusa. Sitaki upande ndege bila kuyasikia kutoka kwangu.

"Yaka" lilikuwa neno la mama yako. Sisi upande wangu ni watu wa msikiti na wa Kiswahili, lakini yeye alikuwa mtoto wa mto, na Kilingala ndicho kilichokaa mdomoni mwake. Aliponiita kula mara ya kwanza baada ya ndoa alisema "yaka", yaani njoo, na mimi nikaja. Alipofariki nililichukua neno lake nikakuitia wewe. Lilikuwa neno safi kabisa, nami nikaenda kulipaka uchafu.

Hujawahi kuniuliza nilianzaje kazi ya mbwa. Pengine uliona aibu kuniuliza. Ulikuwa hujazaliwa bado, mji ulikuwa na wageni wengi, wanunuzi wa kahawa na watu wa viwanda, na wageni hao walikuwa na klabu upande wa Makiso, yenye uwanja wa majani mazuri. Kila Jumapili walileta mbwa wao kushindana. Mbwa anaruka viunzi, anapenyapenya kati ya fito, anapanda paa la mbao na kushuka, anapita juu ya ubao wa kubembea, anaingia kwenye pipa upande huu na kutokea upande ule. Anayemaliza upesi bila kosa ndiye mshindi. Mimi niliitwa kutengeneza mbao. Nilikuwa kijana, nina mke, kazi ni kazi.

Nilichukia tangu siku ya kwanza. Wewe unajua tulivyolelewa. Chombo kilichorambwa na mbwa tunakisugua kwa mchanga kisha maji mengi, na babu yangu alikuwa akikivunja kabisa ili kusiwe na maneno. Sasa nifikirie mimi asubuhi ya Jumatatu, naokota mbao zenye udenda uliokauka, unang'aa kama njia ya konokono, na nywele za mbwa zimenata humo. Nilizishika kwa gunia. Madame aliyekuwa anaongoza klabu, mke wa mnunuzi mmoja wa kahawa, alimwachia mbwa wake alambe sahani aliyolia yeye mwenyewe, halafu akamwambia mpishi anipe chai. Nilimwambia mpishi nimefunga. Haikuwa hata karibu na Ramadhani.

Lakini Madame alikuwa na ujuzi, na mimi nilikuwa na macho. Kila wiki alibadilisha njia, kwa maana mbwa akiizoea haina tena mashindano. Watu wanadhani ni kutupa mbao uwanjani na kumwambia mbwa aruke. Hapana. Mbwa anafuata bega la bwana wake, kwa hiyo anayepanga anapanga njia mbili, ya mbwa na ya mtu, na ile ya mtu lazima iwe fupi kwa sababu mtu ana miguu miwili tu na pumzi kidogo. Kiunzi kikiwa karibu mno na kingine, mbwa akitua hapati nafasi ya kujikusanya. Ubao wa kubembea akiukuta kwa pembeni, anaanguka na siku nyingine anaukataa. Na ukitaka kumjaribu, unaweka mdomo wa pipa mbele ya macho yake, wakati njia yenyewe inapinda kushoto. Hapo bwana wake anatakiwa kumwita kwa wakati wake, asiwahi na asichelewe. Akiita vizuri, mbwa anaacha anachokitaka na kwenda anakoitwa. Hilo ndilo linalopigiwa makofi.

Na kulikuwa na sharti moja la Madame. "À quatre pattes, Ramazani," alikuwa akisema. Maana yake, njia ukishaipanga, upite wewe mwenyewe kwa mikono na magoti, uone anachokiona mbwa, ndani ya pipa pia. Yeye alifanya hivyo kila mara, suruali nyeupe ikijaa matope, uso karibu na udenda wa mbwa wote wa mji. Nilimwangalia nikasikia kichefuchefu. Mwanamke mzima! Alipokuja kuchoka akaniachia kazi ya kupanga, nilishika kila alichonifundisha isipokuwa hicho. Niliingiza fimbo ndefu ndani ya pipa, nikagusagusa huku na huku, nikasema imetosha. Na mbwa walipita, basi nikajua nina haki.

Kisha vita vikaja, wageni wakakimbia, wengine wakaacha mbwa wao kwenye nyumba zimefungwa. Unakumbuka walivyolia. Nilifikiri mambo ya viunzi yamekwisha na sikusikitika hata kidogo. Nilirudi kwenye milango, vitanda, na majeneza, majeneza hasa.

Wanajeshi walipokaa mjini, maofisa waliingia kwenye zile nyumba, wakakuta mbwa, wakawachukua. Mtu alimwambia komanda wao kwamba katika mji huu kuna fundi aliyekuwa anapanga njia za mbwa. Sijui ni nani, nikimjua nitamtemea mate. Wakaja kunichukua kwa gari. Wewe ulikuwa umesimama hapo mlangoni na ungo wa mchele.

Komanda alikuwa na mbwa mkubwa mweusi ambaye wanajeshi walimwita Ministre, yaani Waziri. Huyo Ministre alikula nyama ya ng'ombe kwenye beseni la enameli, nyama nyekundu iliyokatwakatwa na kisu, mbele ya uwanja, wakati wamama wanapita barabarani na mafungu ya majani ya pondu kichwani, wametoka Bengamisa kwa miguu, na hakuna hata mmoja wao aliyeonja nyama tangu vita vianze. Walitazama beseni halafu wakatazama mbele. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na beseni, nina mita mkononi. Nzi walikuwa wengi. Ministre alikuwa akila na kupiga chafya ndani ya nyama, kisha anaila tena.

"Fundi," komanda akaniambia, "mbwa wangu ana akili kuliko hawa wote. Nipangie njia ya kuonyesha akili."

Ungetaka nikuambie nilikataa. Hakukuwa na kukataa, hilo unalijua, na sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakuandikia kwa sababu nilifurahi. Hilo ndilo linalonichefua kuliko mate yote ya mbwa. Uwanja ulikuwa na shimo la bomu limejaa maji ya mvua, na mimi nililitazama nikaona kiunzi cha kuruka mbali, kizuri sana, ambacho hakuna klabu duniani inacho. Watu walikuwa wamekufa karibu na shimo lile. Mimi nikapima upana wake, nikapanda vigingi, nikasogea nyuma nikatabasamu peke yangu.

Na lile pipa. Komanda alitaka mbwa aingie bila kuona mwanga wa upande wa pili, maana Ministre hakuogopa giza na mbwa wa wenzake waliogopa. Nilichukua mapipa ya mafuta, nikayatoa vifuniko, nikayakata kwa mshazari, nikayaunga kwa waya yapate kona. Kwa nje lilikuwa kazi safi. Ndani, pale kwenye kiungo, bati lilibaki na ukingo umejikunja kwenda katikati. Ningepita kwa mikono na magoti ningeukuta kwa bega langu, ningeugonga nyundo mara mbili tatu, yakaisha. Lakini mbwa walikuwa wameshaingia humo kujaribu. Niliingiza fimbo.

Mashindano yalikuwa kila Jumamosi baada ya salongo. Asubuhi watu wote wanatoka na majembe na mifagio kusafisha barabara, na anayekutwa nyumbani au dukani anakamatwa. Mimi sikukamatwa kwa sababu nilikuwa fundi wa komanda. Jumamosi ile fito zililegea, misumari ikaniishia, nikaja mbio nyumbani nikakukuta umeshika fagio unataka kutoka.

"Acha salongo," nikakuambia. "Kimbia kwa Papa Kambale unitafutie misumari."

"Papa, duka zote ziko zimefungwa."

"Mwambie ni mimi. Atafungua."

Na akafungua. Alikuwa mfanyabiashara wa watu, Papa Kambale, hajui kumwambia mtu hapana. Alikuwa anajiandaa kwenda salongo na jembe lake, akaliegemeza ukutani, akafungua nusu ya mlango ili akupimie misumari ya viunzi vya mbwa. Hapo ndipo mlipokamatwa wote wawili. Sijawahi kulisema hili kwa sauti: ni misumari yangu.

Nilikuwa nahamishia viti vya maofisa kivulini mlipoletwa uwanjani pamoja na wengine. Mbwa walikuwa wameshamaliza mbio zao, wamelala kwenye kivuli, ulimi nje. Bia ilikuwa imekwisha nusu na maofisa wamechoka kutazama mbwa. Komanda alitazama ule mstari wa watu, akanigeukia.

"Fundi, leo tuone watu."

Nilidhani anatania. Akaeleza taratibu, kama mtu anayeeleza mchezo kwa watoto: wawili wawili, anayemaliza wa pili anapigwa fimbo. Wanajeshi wakashangilia. Nilimwendea, nikainama, nikasema, "Komanda, yule ni mtoto wangu."

"Vizuri," akasema. "Basi anaijua njia."

Na ulikuwa unaijua, maana uliniletea chakula uwanjani kila siku na kunishikia kamba ya kupimia. Wakakuunganisha na Papa Kambale kwa sababu mlifika pamoja, na kwa sababu yeye ni mnene na wewe ni mwembamba, wakaona itachekesha. Nakumbuka alivyovua viatu vyake vya dukani na kuvipanga pembeni, kisigino kwa kisigino. Nakumbuka ulivyomngoja atangulie, maana ni mkubwa kwako, na mwanajeshi akakusukuma wewe mbele.

Sitaandika yote. Uliruka viunzi. Yeye aliviangusha. Kwenye shimo la bomu aliingia hadi kifuani akatoka anatiririka maji ya kijani, wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia yake. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni yako, Zaina. Hukuniona, lakini nilikuwa nakimbia upande wa ndani, ile njia fupi ya bwana wa mbwa niliyoipanga mwenyewe, na bega langu nililigeuza kukuonyesha unakokwenda. Mwili wangu ulifanya hivyo wenyewe. Nikikumbuka bega langu nasikia karaha.

Ukaingia kwenye pipa, naye nyuma yako. Hukutoka. Nilichuchumaa kwenye mdomo wa kutokea, nikamsikia Papa Kambale anakoroma kama mtu anayekabwa, na sauti yako, sikuelewa unasema nini. Kwa wembamba wako ukawa umegeuka, umerudi hadi kwenye kona. Niliona nyayo zako tu. Mwanajeshi wa kupima muda akaanza kupiga kelele kwamba wote wawili mtapigwa. Fimbo ilikuwa tayari mkononi mwa mwenzake. Na mimi nikaingiza kichwa changu mlangoni mwa pipa nikaita, "Yaka!" Nikaita tena, "Wacha yeye, Zaina! Yaka! Yaka!"

Ukaja. Ulitoka kwa nyuma, magoti yamechubuka, ukakimbia kumaliza viunzi viwili vilivyobaki, na watu wakapiga makofi. Maofisa walinipigia makofi mimi. Mmoja alisema, "Umeona anavyomwita?" Wao walielewa walichokiona. Nilikuita ukaacha ulichokishika, kwa wakati wake hasa, sikuwahi na sikuchelewa.

Papa Kambale walimtoa kwa kumvuta miguu, shati na ngozi vikabaki kwenye bati. Kisha wakampiga fimbo juu ya majeraha yale yale. Komanda akakuletea zawadi ya mshindi, lile kopo la nyama ambalo Jumamosi nyingine zote lilikuwa la mbwa. Hukunyoosha mkono. Mimi niliipokea. Nikashukuru, "Merci, komanda." Umesikia, najua umesikia, maana hapo ndipo uliponitazama, na mpaka leo hujanitazama tena vile wala vingine.

Nilifika nyumbani kabla yako kwa sababu wewe ulimsindikiza Papa Kambale kwake. Nilichota mchanga nyuma ya jiko nikasugua mdomo wangu, mchanga kisha maji, mchanga tena kisha maji, hadi ufizi ukatoa damu. Shangazi yako alinikuta, akaniuliza kama jino linauma. Nikasema ndiyo. Lile kopo nililifukia, na siku ya pili nikakuta mbwa wa barabarani wamelifukua na kutafuna bati.

Wewe ukaanza kwenda kwa Papa Kambale kila siku na maji ya moto na chumvi, kumwosha mgongo. Mimi sikwenda. Nilikuwa napita na baiskeli barabara ya mbali ili nisipite mbele ya duka lake. Uliporudi jioni nilisema chakula iko tayari, nikaondoka.

Komanda alipohamishwa, wanajeshi walichoma viunzi vyangu kupikia, uwanja ukabaki na lile pipa tu. Nilikwenda siku moja mchana, hapakuwa na mtu. Nilivua kofia yangu ya msikitini nikaitundika kwenye kigingi, nikaingia kwa mikono na magoti. Hukujua hili. Humo ndani bati lilikuwa la moto, na harufu ya mbwa imeiva kwa jua, udenda umekauka kwenye viganja vyangu, nywele zikaniingia mdomoni. Nilipofika kwenye kona bega langu likanasa kwenye ule ukingo, pale pale, na chini yake nikaona kipande cha shati la Papa Kambale, lile la mistari. Hakukuwa na mwanga mbele wala nyuma. Nikalisema lile neno, wala si kwa nguvu. Ndani ya bati halikuwa neno tena, lilijaa kila mahali, likanipiga masikioni, sikusikia hata pumzi yangu. Nikatapika. Na kwa kuwa sikuweza kugeuka, nilitoka kwa kurudi nyuma huku najiburuta juu yake.

Basi ulivyolisikia wewe ni hivyo, na alivyolisikia Papa Kambale.

Wiki hii, uliponiambia kwamba unaondoka nao, nilijilazimisha. Nilikwenda kwa Papa Kambale ukiwa sokoni. Duka limekwisha kuwa tupu, mbao za rafu ziko chini, na mke wake, Mama Kavira, alikuwa anafunga masufuria kwa kamba.

"Papa Zaina!" Papa Kambale akasema. "Ingia, ingia. Viti tumeshauzisha. Bon, ikala juu ya hii mufuko, ni maharagi tu."

Nikakaa juu ya maharage. Nikasema nimekuja kwa mambo ya uwanja.

"Ile tunnel?" Akajishika tumbo. "Hii haikukuwa kwenye plan yako, eh?" Akacheka mpaka akakohoa. Mama Kavira hakucheka.

Nikamweleza habari ya ukingo wa bati. Nikamweleza kwamba kazi ile ina sharti la kupita mwenyewe, na mimi sikupita.

"Juu ya nini haukupita?"

"Juu ya mate ya mbwa."

Akamgeukia mke wake. Mama Kavira akaacha kamba yake, akanyooka. "Mate," akasema. "Donc ni juu ya mate." Akachukua kamba tena.

Nilitaka kuondoka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wewe pekee ungeweza kuniambia na sikuthubutu kukuuliza, basi nikamuuliza yeye: mlikuwa mnasemezana nini mle ndani?

"Ah, mi nilikuwa naomba tu," akasema. "Zaina, usiniache, Zaina, usiniache. Mutu akikwama hana haya. Na yeye alishika mukono yangu, ananiambia, Tonton, toa pumzi yote, usivute ingine, toa tu. Na mi natoa, na naanza kusikia bega inateleza kidogo." Akanionyesha kwa vidole vyake, pengo dogo la kupitisha ukucha. "Kisha wewe ukaita."

"Akafanya nini?"

"Mukono yake ikafunguka." Aliufungua wake mwenyewe hewani. "Mi siko na hasira, Papa Zaina. Mutoto anasikilizaka papa yake. Lakini ungeniachia yeye kidogo tena, ningetoka."

Nimeibeba hiyo tangu Jumanne. Ulikuwa unajua la kufanya. Uliingia gizani mahali ambapo papa yako hakutaka kuingiza hata bega, ukakuta mtu amekwama, ukamshika, ukamfundisha kupumua, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Mimi nikakuita kutoka nje, kutoka kwenye mwanga, nikiwa sijui lolote la huko ndani. Nilidhani nakuokoa, na kutoka kwenye fimbo ya siku ile kweli nilikuokoa, sitajidai vingine. Ningeletwa tena pale sijui kama ningeweza kufunga mdomo. Naandika hivi ili usifikiri nimekuwa mtu mzuri.

Ninachojua ni kwamba mkono ule haukufunguka kwa sababu una roho mbaya. Nasikia unajilaumu. Shangazi yako anasema unaongea usingizini. Mkono ulifunguka kwa sababu tangu mtoto nilikuita kwa lile neno kwenye chakula, kwenye mvua, kwenye kitanda cha mama yako alipokuwa anaondoka, na kila mara ulikuja ukakuta kitu chema. Ulikuja siku ile kwa imani hiyo. Uchafu ni wa aliyeita.

Kinyaa changu bado ninacho, Zaina. Mbwa akipita karibu nainua kanzu yangu. Nikisikia mtu anasema merci kwa mwenye bunduki, natafuta mahali pa kutema mate, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Sikuambii wewe usione kinyaa huko uendako, utakutana na mengi ya kutapisha. Mimi kilinishika mahali pasipo pake, basi. Nilikipeleka kwenye udenda, na kwenye beseni la nyama nikasimama na mita yangu.

Unapokwenda na watu hawa, nafikiri ninajua unakwenda kumalizia nini, ingawa umesema ni duka tu na kujifunza biashara. Sitakuzuia. Kesho kwenye uwanja wa ndege nitasimama nyuma na shangazi yako. Sitakimbia pembeni, sitakuonyesha kwa bega, na hata ukisahau kitu sitaita.

Sasa nasikia kengele ya baiskeli ya toleka barabarani na sauti yako, unamsalimia jirani. Sombe imeiva, nimeponda lituma ya ndizi mwenyewe, utaniambia kama ina mabonge. Nitakunja barua hii niiweke ndani ya sweta, katikati ya nguo, ili uikute ukiwa umeshakaa juu ya mifuko ndani ya ndege na huwezi kushuka.

Halafu nitasimama mlangoni nikuite kula. Kwa neno la mama yako, mara moja tu, bila kupaza sauti. Mbwa akiitwa hana la kuchagua. Wewe ukitaka utakuja, na usipotaka nitafunika sahani yako na kukaa, na hakuna atakayekasirika katika nyumba hii. Utakapokuwa unasoma hapa utakuwa unajua kama ulikuja. Mimi ninapoandika sijui bado.

Papa yako,
Ramazani